Mshumaa wa Juu

Kila Jumapili Slavojka aliwasha mishumaa mitatu kanisani, na kila Jumapili mmoja ulizua maneno. Wa marehemu mumewe aliusimika kwenye mchanga wa chini, mahali pa wafu. Wa marehemu mama yake, Leposava, chini pia. Lakini wa mwanawe, aliyezikwa akiwa na siku moja tu duniani, aliuweka juu, pamoja na walio hai.

"Wafu chini, jamani! Miaka yote hii hujajifunza?" alifoka muuza mishumaa.

Slavojka aliuacha mshumaa palepale juu. Hakuwa na hasira wala machozi. Moyo ulikuwa umemfa ganzi tangu siku ile hospitali ilipomkabidhi kijisanduku kilichopigiliwa misumari na kumkataza kukifungua.

Mchana Tijana, binti wa shemeji yake, alikuja na kompyuta. Aliambiwa kwamba mama mkubwa anataka kupima vinasaba ajue asili ya ukoo wake, akaamini.

"Haya, kampuni ni tatu," alisema. "Hii ya Belgrade inafuata damu ya baba kwa mwana tu, na wewe si mwanamume, labda kama ulikuwa unatuficha." Alicheka peke yake. "Hii ya Marekani ndiyo yenyewe, ina watu kibao. Hii ya tatu achana nayo. Ndogo, tena imejaa akina mama wa huku huku walioambiwa watoto wao wamefia hospitalini. Huzuni tupu."

"Nataka hiyo."

"Mama mkubwa! Humo utampata nani?"

"Mtoto anayemtafuta mama yake ataanzia wapi, kama si walipo akina mama?"

Tijana akafunga zile kurasa mbili, akasogeza kiti chake karibu.

"Kumbe ni kwa ajili yake," alisema. "Unadhani walimuuza?"

"Sijui ninachodhani. Nataka kujua tu."

Kichupa kilipofika kwa posta, Slavojka alikitemea mate mpaka mdomo ukamkauka. Tijana akajaribu kumchangamsha. "Hayo mate yatawachanganya. Bibi Leposava nywele za manjano, wewe nyusi nyeusi utadhani umepaka masizi! Ndiyo shida ya kuzaa mtoto wa kwanza na miaka arobaini na sita, rangi ya manjano ilikuwa imemwishia bibi."

"Alikuwa akiniita muujiza wake," alisema Slavojka, akafunga kifuniko.

Theluji ilikuwa imeshayeyuka majibu yalipokuja. Tijana aliingia jikoni anakimbia, viatu na matope yake.

"Yupo! Mama mkubwa, yupo hai! Tazama: R. Stanojlović, wa mji wa Zaječar. Mmoja mzazi, mwingine mtoto, hakuna shaka yoyote! Na ameandika!"

Ujumbe ulikuwa mfupi: *Njoo. Nimekungoja.* Chini yake, jina la mtaa na namba ya nyumba.

Tijana alilia. Slavojka alimpa kitambaa, akaendelea kumenya viazi. Alingoja furaha ije, haikuja. Kesho yake alikwenda dukani akanunua shati la kiume, akiyakisia mabega.

Alisafiri peke yake. Ndani ya basi alifanya mazoezi ya neno moja, mwanangu, midomo ikicheza bila sauti. Alishalisahau linavyotamkwa.

Mlango ulifunguliwa na bikizee aliyeegemea fimbo, nyusi zake nyeusi bado.

"Shikamoo, mama," alisema Slavojka. "Namtafuta Stanojlović. Mwanao yupo?"

Yule bikizee alizitazama nyusi za mgeni wake.

"Stanojlović ni mimi. Ruža. Ninaishi peke yangu."

Slavojka aliangalia nyuma ya bega la mwenyeji wake, kwenye korido tupu, shati likiwa bado mkononi. Bikizee akaachia fimbo ikaanguka, akamshika uso kwa viganja vyote viwili.

"Na mimi walinipa sanduku siku niliyokuzaa, wakanikataza kulifungua," alisema. "Lakini mshumaa wako, binti yangu, sijauweka chini hata siku moja."