Mlio wa Gari la Kaka

"Zungusha tena."

Fundi akamkodolea macho kijana mwenye gari. Lile gari la zamani lilikuwa linanguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

"Nizungushe nini tena, bwana wee? Wiki nzima nimehangaika na injini hii mpaka ikatulia. Panda uondoke, mama yako anakungoja."

"Zungusha, nakuomba."

Fundi akashusha pumzi, akalegeza nati, akaishika distribyuta, ile inayogawa moto wa injini, na kuisogeza kidogo kushoto. Mlio ukapanda. Kijana akatikisa kichwa. Jasho lilimtoka kana kwamba ndiye aliyekuwa akichemka, si rejeta.

Simu ikalia. Alikuwa dada yake, nyumbani mtaa wa pili.

"Bado tu? Mama anazidi kulegea! Uji hataki, dawa anaitema. Anamuulizia Kaka tu. Anasema hatii kitu mdomoni mpaka arudi safari."

"Wageni je?"

"Wote nimewapeleka kwa baba mdogo, nyumba iwe kimya. Fanya haraka, jamani. Daktari si alisema mwenyewe? Bila dawa leo, tunampoteza."

Kijana alikata simu.

"Kushoto tena," akamwambia fundi. "Zaidi."

"Nitaiua injini."

"Iue!"

Fundi akazungusha. Injini ikayumba, ikapiga misi, ikaanza kukohoa, kisha bomba la moshi likatoa mshindo uliomfanya muuza matairi wa ng'ambo ya barabara ainame. Kijana alifumba macho akasikiliza.

"Hapo hapo. Kaza."

Aliliendesha gari likikohoa na kulipuka njia nzima, watoto wakilizomea, hadi chini ya dirisha la chumba cha mama. Akalikanyagia mafuta mara mbili, kisha akazima.

Kukawa kimya. Halafu sauti nyonge ikatoka dirishani, imejaa furaha.

"Huyo! Si niliwaambia? Mkweche wake ule naujua popote. Haya, binti yangu, nipe hizo dawa, nipe na uji. Na yeye mwambie aingie nimwone."

Kijana hakushuka. Alibaki ameung'ang'ania usukani kwa mikono miwili, na kwenye kucha zake ulikuwa bado umeganda udongo wa kaburi walimomlaza kaka yake asubuhi ile.