Nyumba ya Mwenye Shaka

Mzee Shekue hakuwa na meno ya juu, hakuwa na mtoto aliyeishi karibu, na hakuwa na imani. Mawili ya kwanza mtaa ulimsamehe. La tatu halikusameheka, maana siku hizi umeme ulitoka bure katika kasha la sebuleni, bila mafuta, jua wala maji, na kasha halikufanya kazi katika nyumba yenye mtu anayelitilia shaka.

Alijitahidi. Kila asubuhi alikaa mbele ya kasha na kuliambia, "Nakuamini." Lakini alikuwa amefanya ufundi wa umeme miaka arobaini, na alijua kwamba kitu hakitoki pasipo kitu. Kasha lilikoroma kidogo, kisha likazimika. Ndani ya friji, insulini ya mkewe ilianza kupata joto.

"Baba Hoza, hata mbuzi wa jirani anaamini," mkewe alimtania.

"Mbuzi hakusoma, Mama Hoza."

Basi, akiamini kwamba yeye akiondoka kasha litamwakia mkewe, akaandika barua ya kuomba ahamishiwe Makazi ya Wenye Shaka, ng'ambo ya mlima. Waliokwenda huko hawakurudi, wala hawakuandika. Alilamba bahasha, akaifunga, akamkabidhi tarishi mlangoni.

Pikipiki ya tarishi ilipokata kona, friji ikaanza kunguruma.

"Limewaka!" mkewe alipaza sauti.

Mzee Shekue aligeuka, akalitazama kasha, nalo likazidi kung'aa kana kwamba linamtazama. Hapo akaliamini kwa moyo wake wote, huku mlio wa pikipiki iliyobeba barua yake ukififia kuelekea mlimani.