Mlango wa Bafu

Siku hizi kiongozi akichunguzwa, nyumba yake nzima huonyeshwa kwenye runinga za wananchi, na mtazamaji akimnasa akisema uongo hubonyeza kitufe chekundu. Jioni ile Riziki alikuwa akimenya viazi huku akimtazama Waziri Lugendo akimwogesha mama yake, bibi kizee asiyeona.

“Umefunga mlango, mwanangu?” bibi aliuliza, mikono kifuani.

“Nimefunga, mama. Hakuna anayekuona.”

“Mwongo huyo!” Shomvi, mumewe Riziki, alipiga makofi. “Bonyeza, mke wangu!”

Kidole cha Riziki kilikwisha kubonyeza. Runinga ikamshukuru kwa jina lake.

Akatahayari. Alivua kanga yake ya mabegani akaifunika runinga.

“We vipi? Kaiba mali yetu, si aonekane?”

“Kama kaiba afungwe,” Riziki alisema kwa sauti ya chini. “Mama wa watu kavuliwa nguo kwa kosa gani?”

Nyuma ya kanga maji yaliendelea kumiminika, na bibi akimwombea dua mwanawe kwa kumsitiri. Nyumba ya pili, majirani walikuwa wanacheka.