Nyumba ya Mlimani

Siku hizi mwenye nyumba huhisi mwilini mwake kila linalompata mpangaji ndani ya nyumba, ndiyo sheria. Tunu alikuwa akitafuta nyumba ya kununua, yake ya kwanza ya kupangishia watu, dalali akamvisha bangili ya majaribio ili ahisi kila nyumba kabla ya kuinunua. Ya bondeni ilimtia ubaridi wa maji miguuni, akatetemeka.

"Bei poa, dada, ila utakohoa," dalali alicheka.

Ya mlimani ilikuwa kavu, yenye joto tamu. Mara shavu lake likawaka kama lililozabwa kofi.

"Mume wa humo mwepesi wa mkono. Lakini kodi hacheleweshi!"

Tunu akaichukua.

Jioni moja, akila ugali na mumewe, Tunu alijikunja akishika ubavu. Mume aliruka.

"Nani kakupiga, mama Zuhura?"

"Hakuna mtu. Ni ile nyumba," alisema Tunu, akaomba asogezewe kachumbari.