Vidole vya Modesta

Kioo cha mashine kilivikataa tena vidole vya Modesta.

“Bonyeza kwa nguvu, mama,” alisema mhudumu wa ofisi ya viza.

Alibonyeza mpaka kucha zikawa nyeupe. Miaka yote ya kukata minofu ya sangara kiwandani Nyakato, barafu huku, magamba kule, ilikuwa imevisugua vidole vile vikawa laini kama kijiko. Na ni ukataji huohuo uliompatia kazi Kanada, anakosoma binti yake, kazi ambayo ingeiwezesha familia nzima kuhamia huko.

“Alama za vidole hazionekani kabisa. Usiguse samaki mwezi mzima, zitarudi.”

“Na mkataba wa Kanada unataka niendelee kukata samaki kiwandani mpaka siku ya safari. Nishike lipi, niache lipi?”

Mhudumu akamwita aliyefuata kwenye foleni.

Nje, simu ikaleta ujumbe wa sauti wa binti yake. “Shikamoo mama. Bosi wa huku kaipenda video yako. Anataka nyingine kesho, ukikata sangara mkubwa zaidi.”

Modesta akarekodi jibu. “Mwambie huyo bosi aje akate mwenyewe.”

Akalifuta kabla halijaondoka. Akarekodi upya.

“Marahaba mwanangu. Sawa. Nitatafuta mkubwa.”