Ufunguo wa Tatu

Ufunguo uliingia kwenye kitasa cha mlango wa mbele, ukazunguka mara mbili, na mtu akaingia ndani.

Chumbani, mpokea simu wa kampuni ya bima alinyamaza katikati ya sentensi. Masikioni mwake, bibi mmoja aliyeezuliwa paa na upepo alisubiri, akachoka.

"Mwanangu, umekufa?"

"Nipo, bibi."

"Sasa unanong'ona nini, uko msibani? Sema kwa sauti, haya masikio yangu ni ya zamani."

Alikata simu. Miaka tisa kazini, hajawahi kumkatia mteja.

Wenye ufunguo wa nyumba ile walikuwa wawili. Mmoja ni yeye. Mwingine ni mume wake, na mume alitoka saa moja asubuhi na tai yake na begi lake kwenda ofisini, upande wa pili wa mji. Watoto walikuwa shule.

Na hakuna aliyejua kwamba yeye yupo nyumbani. Asubuhi hiyo alikuta bomba limepasuka kazini, maji yanatembea hadi kwenye ngazi, na bosi wao anagawa kompyuta mlangoni. "Mkafanyie kazi kwenu. Sitaki kusikia jogoo wala watoto. Mteja aamini uko ofisini."

Ofisi, kwenye nyumba ya vyumba viwili! Sebuleni hapakufaa, kwa kuwa ng'ambo ya uzio mafundi seremala walipasua mbao kutwa. Basi akajibana chumbani, kati ya kitanda na kabati. Meza ya kupigia pasi aliishusha hadi magotini, ikawa meza ya kazi. Blanketi zito alilitundika mlangoni kuzuia sauti. Viatu vilivyolowa akaviweka dirishani vikauke. Kufikia saa nne alikuwa ameshapokea simu kumi na moja, na alikuwa akijisifu.

Sasa alivua vipokea sauti, akasogea mlangoni kwa vidole vya miguu, akazungusha ufunguo wa chumba polepole. Ukalia kidogo tu. Akatega sikio.

Kiti kilivutwa. Kitu kikawekwa juu ya meza ya chakula. Kisha maji yakamiminwa, na birika likaanza kuunguruma.

Mwizi gani anachemsha chai?

Mwizi asiye na haraka. Mwizi anayejua ratiba ya nyumba. Ndipo akamkumbuka fundi aliyewabadilishia kitasa wiki iliyopita. Aliwapa funguo mbili. "Mbona huwa zinakuja tatu?" mume wake aliuliza. Fundi akacheka. "Baba, wa tatu unataka kumpa nani?" Wote wakacheka, wakamlipa, akaenda zake.

 Akaketi kitandani, akamwandikia mume wake ujumbe. 

"Uko wapi?"

Jibu lilikuja mara moja. "Kikaoni na bosi. Vipi?"

"Kuna mwizi ndani. Nimerudi mapema, nimejifungia chumbani. Anakunywa chai."

Huko sebuleni, kijiko kilichokuwa kikikoroga chai kilisimama.

Amesikia. Hakujua amesikia nini, pengine moyo wake, maana yeye mwenyewe hakuwa akisikia kingine. Alinyata hadi dirishani. Mafundi seremala walikuwa hatua kumi tu kutoka pale, wanne, vifua wazi, nyundo mikononi. Neno moja tu, na wangeruka uzio. Mwaka jana walimkamata mwizi mmoja mtaani. Hakufika hospitali akiwa hai.

Alifungua kioo. Akavuta pumzi.

Simu ikatetemeka mkononi.

"USIPIGE KELELE. Nakuomba. Usiite majirani, watamuua mtu. Nakuja sasa hivi."

Ni kawaida ya mume wake, hata mende humtoa nje kwa karatasi. Lakini leo! Akakifunga kioo taratibu.

Nyuma yake nyayo zilipita haraka ukumbini. Hazikuja chumbani. Mlango wa mbele ulifunguliwa, ukafungwa taratibu sana, kama mtu anayelaza mtoto.

Alihesabu hadi mia. Kisha akashika pasi kwa mkono wa kulia, akatoka.

Sebule ilikuwa tupu. Televisheni ipo. Redio ipo. Juu ya meza ya chakula kulikuwa na kikombe cha chai kikitoa mvuke, kalamu mbili, na daftari lililosahauliwa wazi. Alilisogelea huku ameinua pasi.

Orodha. Kiwanda cha rangi. Hoteli ya karibu na stendi. Shule ya wasichana. Ghala la mbolea. Karibu kila jina lilikuwa limekatwa kwa mstari.  Huku ndiko anakoiba, na anayo kumbukumbu.

Simu iliita. Mume wake alikuwa akihema.

"Mama watoto, nimepata teksi, nimebakiza kona mbili. Uko salama?"

"Niko salama."

"Bado uko chumbani? Usitoke. Nikifika nitagonga, ndiyo ufungue."

 Macho yake yalikuwa yameshuka hadi kwenye maneno madogo yaliyoandikwa pembeni mwa kila jina. *Nafasi imejaa. Wanataka vijana. Rudi mwezi ujao.* Tarehe ya kwanza ilikuwa ya miezi mitatu iliyopita. Na mwandiko ulikuwa uleule wa mume wake, unaosaini ripoti za watoto kila muhula.

"Mama watoto? Unanisikia?"

Alishusha pasi. Akaliacha daftari kama alivyolikuta, akarudi chumbani, akajifungia kwa ufunguo.

"Njoo haraka, mume wangu," alisema. "Naogopa."