Kidari cha Baba

Koleo la kuchomea liligoma kufunguka juu ya sahani ya baba yake. Aikande alilitikisa mpaka mafuta yakamrukia mkononi, lakini lilizidi kuking'ang'ania kile kidari.

"Sahani hii hairuhusiwi nyama nyekundu," likasema, kwa sauti laini iliyomkera.

Siku hizi hakuna nyumba inayoruhusiwa kuchoma nyama bila koleo la namna hiyo, linalopima damu ya kila aliyeketi mezani na kumnyima kinachodhuru afya yake. Lakini katika ukoo wao kidari cha mbuzi ni cha baba, na mbuzi huyu alichinjwa kwa ajili yake. Alipolisogeza juu ya sahani ya mumewe, likakiachia bila neno.

Hasira zikampanda. Alikinyakua kwa vidole, kikimuunguza, akakibwaga mbele ya baba.

"Kula tu, Baba. Tuone litakufanya nini."

Mzee alikitazama kwa muda. Kisha akakirudisha taratibu kwenye sahani ya mkwewe, akajifuta vidole.

"Hongera, Mzee," likasema koleo.

Aikande hakuwahi kumsikia baba yake akimshukuru mtu kwa chakula, hata marehemu mama.

"Asante," mzee akaliambia koleo, akainamisha kichwa.